Jina la Sita Kwenye Ripoti ya Vumbi

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, Bi Josée Feltgen alifungua prufu, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, iliyokuwa mezani pake, akaweka rula chini ya jina la mwisho katika ukurasa wa waandishi, akaanza kulisoma kinyumenyume. Herufi ya mwisho kwanza, kisha ile iliyo kabla yake, mpaka afike mwanzo wa jina. Alisoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu vidonge. Akimaliza jina moja husogeza rula juu na kushika jingine. Majina yakiisha ndipo huvua koti, akalitundika, akawasha kompyuta.

“Jicho ni vivu,” aliniambia wiki yangu ya kwanza. “Likikutana na jina linalolijua, halilisomi. Linalisalimia tu na kupita. Ukilisoma kinyume, halina ndugu wala rafiki.”

Mwezi ule hakuniambia tena maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo.

Tulikuwa watu wanne katika kampuni ya uhariri ya Weydert, mtaa wa nyuma ya kituo cha treni cha Esch, mji wa viwanda vya chuma. Kazi yetu ilikuwa ripoti. Maabara za nchi nne au tano zikishirikiana katika utafiti wa chuma kwa fedha za Ulaya, mwisho wa mradi hutakiwa kutoa ripoti moja, yenye jalada moja na namba moja, na ripoti hiyo ilipita kwetu kabla ya kwenda matbaani. Waitaliano waliandika sura ya kwanza, Waswidi ya pili, Wahispania ya tatu, na kila mmoja aliandika kana kwamba wenzake hawajazaliwa. Sisi tuliwafanya waonekane wameketi chumba kimoja. Bwana Weydert alizungumza na wakubwa. Adérito alipanga kurasa. Mimi, niliyetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi ambayo hapana aliyeniuliza habari zake, nilikagua marejeo. Bi Josée alikagua yote yaliyobaki, na zaidi ya yote majina.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alizaliwa Differdange, binti wa mtu wa kinu cha kunyooshea vyuma, akajifunza kupiga taipu kwa masista, akaolewa akiwa na miaka ishirini na sita. Hawakujaliwa watoto. Aliingia kwa Weydert mwaka 1987, wakati ripoti zilipofika zikiwa marundo ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba, na hakutoka tena. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele fupi za kijivu, na alikula mkate wake wa saa sita huku akiutazama ukuta. Hapakuwa na kitu ukutani.

Kila ripoti ilichapwa nakala mia moja na hamsini, zikaenda kwenye maktaba. Siku moja niliuliza, bila kumlenga yeyote, ni nani anayezisoma.

“Mimi, wewe, na panya,” alisema Adérito. “Na panya huruka sura ya marejeo.”

“Wenye majina huzisoma,” alisema Bi Josée bila kuinua kichwa. “Hutafuta jina lao, wakiliona hufunga kitabu. Inatosha.”

Kuhusu majina palikuwa na sheria moja. Kila mtu ambaye jina lake lingetokea kwenye ripoti sharti awe amesaini fomu ya ridhaa. Asiyekuwa na fomu alitumiwa barua, na tangu tarehe ya muhuri wa posta alikuwa na siku kumi na tano za kazi. Siku ya kumi na tano ikipita bila fomu, jina lilifutwa. Aliyefariki kabla ya kusaini, mrithi wake alisaini badala yake. Na fomu ilikuwa moja kwa mtu mmoja, maana mwaka 1998 kuna mhandisi aliyesaini mbili, kila moja kwa jina la maabara tofauti, na nakala zote mia moja na hamsini zikasagwa kuwa karatasi upya. Sheria hii hakuitunga Bi Josée, ila ndiye aliyekuwa mkono wake. Adérito alimwita Mama Fomu, na yeye aliitika.

Palikuwa na kisa cha profesa mmoja aliyepanda treni kutoka Liège siku ya kumi na sita, kitambi mbele, na keki ya cheri mkononi. Bi Josée alipokea keki, akaikata vipande vitano, akampa na profesa kimoja. Walikula. Profesa akarudi Liège. Jina lake halikurudi.

Mume wake, Fernand, nilimwona mara moja tu, Oktoba mwaka 2011. Mvua ilikuwa inanyesha na alikuja kumchukua. Mtu mkubwa, kofia imelowa, kwenye pembe za macho ana weusi ambao hautoki kwa sabuni. Alikuwa fundi wa maabara ya hapo hapo Esch. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya paa la ukumbi wa tanuri, kutoa kichujio kilichojaa vumbi, kukitia katika kisanduku, kukiandika namba, na kuweka kingine. Miaka ishirini na saba alifanya kazi kama hizo. Wahandisi wa maabara yake walikuwa na majina yao katika ripoti kumi au ishirini. Mafundi hawaandikwi. Mwishoni mwa kila ripoti huwa kuna sentensi moja inayowashukuru mafundi wote kwa msaada wao.

Alisimama mlangoni akitiririka maji, akamwuliza mkewe, “Leo umenishukuru?”

“Mara mbili,” alisema Bi Josée huku akifunga kifuniko cha kalamu. “Kifaransa na Kijerumani.”

“Kwa Kijerumani nilipendeza?”

“Ulikosa koma. Nikakuwekea.”

Adérito aliniambia baadaye kwamba wameulizana hivyo miaka yote, na kwamba Fernand aliwahi kuja na jibu likawa “leo hapana,” akakaa kwenye kiti na kukataa kuondoka mpaka ashukuriwe.

Fernand alianguka kwenye ngazi za maabara tarehe kumi na saba Novemba, saa tatu asubuhi, akiwa amebeba sanduku tupu. Moyo. Alizikwa Jumatatu. Jumatano Bi Josée alikuwa ofisini, amevaa koti, rula mkononi. Siku tatu za msiba alizopewa na sheria zilikuwa zimekwisha na hakuomba ya nne.

Bwana Weydert alimpa mkono, akaushika kwa muda mrefu, kisha akaonekana hajui auachie vipi. Adérito alileta bakuli la chewa na viazi alilopika mkewe. Bi Josée alikula lote kwa siku mbili, akaliosha bakuli, akalirudisha.

“Mshukuru mkeo,” alisema. “Chumvi ilikuwa sawasawa.”

Desemba ikapita, na Januari. Aliingia saa mbili kamili, akatoka saa kumi na moja kamili. Hakukosea kitu. Mwezi wa pili nilimwona ameweka kikombe cha kahawa mezani asubuhi na kukimwaga jioni kikiwa kimejaa, siku tatu mfululizo. Siku ya nne hakuweka kikombe.

Tarehe mosi Machi, siku ya Alhamisi, ilikuja ripoti ya vumbi. Jina lake lilikuwa refu mno. Sisi tuliiita hivyo tu. Ilihusu vumbi laini litokalo kwenye matanuri ya umeme, maabara nne, miaka mitatu, na kiongozi wa mradi alikuwa mhandisi mmoja wa Terni aitwaye Ornella Bardazzi. Waandishi walikuwa saba.

Bi Josée aliweka rula chini ya jina la saba, Mswidi. Alilisoma likaisha. Akasogeza rula.

“n,” alisema. “e. g. t.”

Meza yangu ilikuwa hatua mbili kutoka yake na nilikuwa nimezoea sauti ile kama mtu anavyozoea saa ya ukutani, na ilipokatika nikainua kichwa. Alikuwa ameketi vilevile. Kidole kilikuwa juu ya rula.

“l,” aliendelea. “e. F.”

Kisha jina la kwanza. “d. n. a. n. r. e. F.”

Akasogeza rula kwenye jina la tano, la nne, mpaka juu. Akasimama, akavua koti, akalitundika. Baada ya chakula cha mchana alitoa fomu kutoka kwenye bahasha ya Terni na kuzilinganisha na orodha. Fomu zilikuwa sita. Ya jina la sita haikuwepo, maana zilisainiwa Januari.

Alichapa barua. Ni barua ya kawaida, ile ile ya siku zote, yenye nafasi za kujaza. Kwa warithi wa marehemu Fernand Feltgen. Chini yake akaandika anwani yake mwenyewe. Akaikunja, akaitia ndani pamoja na fomu, akaifunga, akaiweka kwenye trei ya barua zinazotoka. Saa kumi Adérito alikuja kuchukua za posta. Alizipitia kama kawaida yake, akasimama.

“Mama. Hii si anwani yako?”

“Ndiyo.”

Aliigeuza, akaigeuza tena. “Sasa si uitie kwenye mkoba uende nayo? Utafika kabla yake.”

“Barua za ridhaa zinakwenda kwa posta.”

“Au uisaini sasa hivi, hapa. Kalamu ninayo. Mgongo wangu huu, uegemee.”

“Siku zinahesabiwa kwa muhuri wa posta, Adérito. Watafunga saa kumi na moja.”

Alinitazama mimi, nami nikatazama marejeo yangu. Akaenda posta. Bi Josée alifungua kalenda yake, akahesabu kwa ncha ya penseli, akaandika tarehe ishirini na mbili.

Bahasha ilimfikia kesho yake au Jumatatu. Posta yetu haichukui zaidi ya hapo. Wiki ya kwanza tulidhani fomu itarudi wakati wowote. Kila siku saa nne mleta barua alipogonga, Adérito alikuwa wa kwanza mlangoni. Alipitia bahasha, akazileta mezani kwa Bi Josée, naye akazifungua moja moja kwa kisu kidogo. Zilikuwa fomu za watu wengine.

“Hakuna?” Adérito aliuliza.

“Hakuna.”

“Posta siku hizi imeoza.”

“Posta ni nzima,” alisema.

Siku ya nane Bwana Weydert alishuka kutoka ofisini kwake na karatasi mkononi. Ni mtu mwenye haya kuliko hata mimi, na anapotaka kusema jambo gumu huanza na hali ya hewa.

“Bi Feltgen, naona kumeanza kupata joto.”

“Ndiyo, Bwana Weydert.”

“Nimechapa… nimeona nichape nakala nyingine ya ile fomu. Nilidhani huenda ile ya kwanza imepotelea nyumbani. Vitu hupotea. Mimi mwenyewe nimepoteza miwani miwili mwaka huu.”

“Haijapotea.”

“Basi vizuri. Hata hivyo, ukisaini hii…”

“Fomu ni moja kwa mtu mmoja,” alisema Bi Josée. “Moja iko njiani. Ukitoa ya pili, tutakuwa na mbili.”

“Lakini njia yenyewe ni… Bi Feltgen, mrithi ni wewe.”

“Ndiyo.”

Bwana Weydert aliitazama karatasi yake kama aliyesahau alichoitakia. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti, akapanda ngazi. Bi Josée alirudi kwenye kazi yake. Mchana ule alipata makosa kumi na moja katika jedwali la Wahispania ambayo mimi na Adérito tuliyapita wote wawili.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Jumapili ya mkate wa mafundo, ule mtamu wenye sukari nyeupe juu. Miaka mingine wanaume ndio huwapa wanawake. Mwaka huo ulikuwa mrefu, una siku mia tatu sitini na sita, na mwaka mrefu ni zamu ya wanawake kuwapa wanaume. Adérito alikuwa amenikumbusha tangu Januari. Jumatatu nilimletea mdogo. Bi Josée aliingia na mkubwa sana, wa familia nzima, ndani ya sanduku la duka la mikate, ukiwa na utepe. Aliuweka kwenye meza ya katikati.

“Muuzaji ana daftari lake,” alisema. “Kila mwaka mrefu huniwekea. Sikumbuki kumwambia asiweke.”

Adérito alivuta sanduku, akafungua utepe. Alichukua kisu, akaukata. Tulikula tukiwa tumesimama. Bi Josée alikula kipande chake hadi mwisho, akapangusa sukari vidoleni, akakaa.

Siku hiyo hiyo mhandisi wa Terni alipiga simu. Adérito alikuwa nje, na Bi Josée alikuwa ameshika rula, kwa hiyo nilipokea mimi, na mimi simu huniogopesha. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliiweka mbali na sikio.

“Nazungumza na nani? Sawa, binti, nisikilize. Nimeambiwa jina la sita halijapata fomu. Feltgen. Kweli?”

“Kweli, Bi Bardazzi.”

“Kwa hiyo litafutwa?”

“Fomu isipofika hadi Alhamisi.”

“Toba! Unajua yule mtu ni nani? Nitakwambia. Tulimwomba abadilishe vichujio na kuandika namba. Basi. Vichujio elfu moja mia moja na arobaini. Tulipopata namba zetu hazikupatana hata kidogo. Waswidi wakanicheka, wakasema Waitaliano wamepima moshi wa sigara. Nikafungua visanduku vyenyewe. Kila kisanduku, pembeni, kwa penseli, ameandika upepo ulikotoka na kama mlango mkubwa ulikuwa wazi. Kila kimoja! Hakuna aliyemwambia. Unanisikia?”

“Nakusikia.”

“Sura ya nne yote imesimama juu ya penseli ya mtu yule. Mimi nimeandika tu. Ndiyo maana nikasema aandikwe jina, fundi au si fundi, na wenzangu wawili waliguna, nikawaambia wagune tu. Nilimpigia Oktoba kumwambia. Akaniuliza, ‘Litaandikwa pale mbele, na wahandisi?’ Nikamwambia ndiyo, mbele. Akasema atamshtua mkewe, hatamwambia mpaka ripoti ifike. Na sasa amekufa, masikini, na mke hasaini! Mke gani huyo? Mnamfahamu?”

Sikuweza kumtazama Bi Josée. Nilitazama waya wa simu. Hatua mbili ni karibu mno, na sauti ile ingefika hata barabarani.

“Tunamfahamu,” nikasema.

“Basi mwambieni! Mwambieni ni saini moja!”

Nikasema tutamwambia. Nilipoweka simu chini, niligeuka. Bi Josée aligeuza ukurasa.

“Ni kuhusu jina la sita,” nikasema, kama mtu mjinga.

“Nimesikia.” Alipiga mstari mdogo chini ya neno fulani. “Kwenye ukurasa wa arobaini wameandika tani mahali pa kilo. Mwambie Adérito akija.”

Alhamisi, tarehe ishirini na mbili, mleta barua aligonga saa nne na robo. Bahasha zilikuwa tatu. Bi Josée alizifungua kwa kisu chake: ankara ya wino, tangazo la maonyesho ya karatasi, na fomu ya mtu wa ripoti nyingine. Alizipanga mahali pake. Bwana Weydert alishuka mara mbili bila sababu na kupanda tena. Saa tisa Adérito alisogeza kiti chake mpaka mezani kwa Bi Josée, akakaa kinyume, mikono juu ya egemeo.

“Mama Fomu, mimi nitafumba macho. Huyu mwanachuo atafumba macho. Bosi yuko juu, amefumba tangu azaliwe. Nenda nyumbani, nusu saa kwenda na kurudi, niletee hiyo bahasha. Nitaipiga muhuri mimi mwenyewe. Nitaapa kwa kaburi la bibi yangu.”

“Bibi yako yu hai.”

“Ndiyo maana naweza kuapa.”

Hakucheka, lakini hakukasirika. “Una ukurasa wa yaliyomo wa kupanga,” alimwambia. “Jina likitoka, ukurasa wa mbele utapungua mstari. Uanze kuupima.”

Adérito alirudisha kiti mahali pake. Nilimsikia akivuta kamasi, kisha akawasha redio, kisha akaizima.

Saa kumi na moja kamili Bi Josée alifungua prufu kwenye ukurasa wa waandishi. Alichukua penseli nyekundu na rula. Aliweka rula juu ya jina la sita, akapiga mstari kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, umenyooka, haukuzidi wala kupungua. Pembeni akaandika alama ya kufuta na herufi za mwanzo za jina lake yeye, kama alivyofanya kwa profesa wa Liège na wengine wote. Kisha akavaa koti, akatuaga kwa majina, akatoka. Siku hiyo aliondoka saa kumi na moja na dakika nne.

Mswidi akawa wa sita. Adérito alipanga ukurasa upya mara tatu. Kila mara alisema nafasi haikukaa sawa, ingawa ilikaa sawa.

Ripoti ilirudi kutoka matbaani wiki ya mwisho ya Aprili, nakala tano za kwetu ndani ya karatasi ya kahawia. Jalada la buluu, namba, majina sita. Bi Josée hakuwepo. Alikuwa amechukua likizo ya siku mbili, ya kwanza tangu nianze kazi, na alipoulizwa anakwenda wapi alisema haendi popote. Bwana Weydert alisimama mbele ya meza yangu akazungumza kidogo juu ya mvua. Kisha akasema kwamba huenda ingekuwa vyema mtu ampelekee nakala moja nyumbani, na kwamba mtu huyo asiwe yeye, kwa sababu yeye angesema jambo lisilofaa.

Nilikwenda kwa miguu. Alikaa ghorofa ya pili, nyumba ya safu, madirisha yake yakitazama mahali ambapo tanuri la zamani limesimama baridi na kuzungukwa na majengo mapya ya chuo. Alifungua mlango akiwa amevaa aproni.

“Karibu, binti. Pangusa viatu.”

Ukumbi ulikuwa mwembamba. Koti la mwanamume lilikuwa limetundikwa na kofia juu yake. Chini ya koti palikuwa na kikapu cha nguo, kile kikubwa cha plastiki, na kikapu kilikuwa kimejaa barua. Za benki, za bima, za manispaa. Bahasha za rambirambi zenye ukingo mweusi, nyingi sana. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Zilikuwa zimetiwa mle moja juu ya nyingine kadiri zilivyokuja, za Novemba zikiwa chini, na zingine zilikuwa zimemwagika sakafuni na kusukumwa ukutani kwa mguu ili mlango upate kufunguka. Karibu na juu niliona bahasha yetu, yenye kidirisha, na chapa ya Weydert pembeni. Muhuri wa posta ulisomeka vizuri.

Aliona ninapotazama. Akatangulia jikoni.

Tulikunywa kahawa. Alikata keki ya tofaa, akanipa kipande kikubwa, akajikatia kidogo. Niliweka kifurushi mezani. Alifungua karatasi ya kahawia, akaikunja vizuri ili itumike tena, akaitazama ripoti ya vumbi. Aligusa jalada kwa kiganja, kama unavyogusa meza kuona kama imekauka. Akafungua sura ya nne, akapitisha macho juu ya michoro: mistari ya upepo, mlango wazi, mlango umefungwa. Saa ya jiko ililia na yeye akanyoosha mkono akaizima bila kuangalia.

“Wamechapa vizuri,” alisema.

“Ndiyo, Bi Josée.”

“Adérito amekuwa akikusumbua?”

“Kidogo tu.”

“Usimwache akuletee kazi zake.”

Nikasema sitamwacha. Nilikuwa nimekaa na Bi Josée miezi minane, hatua mbili, na sikuwahi kumwuliza jambo lolote lisilo la kazi. Tangu Machi nilikuwa nimesikia watu watatu wakimwambia asaini. Hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini, na mimi ndiye niliyenyamaza kuliko wote. Niliweka kikombe chini.

“Bi Josée,” nikasema, “ulitaka jina lake liwemo?”

Alifunga ripoti. Alinitazama moja kwa moja, na uso wake ulikuwa ule ule wa kila siku.

“Nilitaka,” akasema. “Kufungua bahasha ndiko kulikonishinda.”